Kioo Hakilali na Ufa

Nyumbani kwangu kioo cha dirisha kikipata ufa asubuhi, jioni kiwe kimeshazibwa. Hilo silijadili na mtu. Wajukuu wananiambia, "Bibi, ngoja mwisho wa mwezi, fundi atakuja na kioo kipya." Fundi namngoja, lakini ufa haumngoji. Natafuta nta, natafuta kitambaa, napanda kwenye stuli na magoti yangu haya, naziba. Wakinikemea, nami nakemea, na sauti yangu bado ni kubwa kuliko zao.

Watu wa pwani wana msemo wao, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni msemo mzuri, kwa ukuta. Ukuta hata mimi najenga: udongo upo, maji yapo, miguu ya kukanyaga ipo. Kioo hujengi. Kioo unakipata au unakikosa. Na mimi niliishi wakati ambapo kioo kilikosekana hata kwa mwenye fedha, na juu ya ufa mmoja wa urefu wa kidole ilisimama nyumba yangu nzima.

Waliohusika nawakumbuka wote, majina yao ya nyumbani na ya ubatizo, na hata majina ya mbwa waliowafuata nyuma. Sitayaandika. Wajukuu zao na wajukuu zangu wanakaa benchi moja kanisani wakisomea kitabu kimoja cha nyimbo, na sitaki mtu aimbe huku amenuna. Lakini mambo yenyewe nitayaandika, kwa mkono huu uliojifunza herufi katika darasa la ubatizo na haukwenda mbali zaidi ya hapo.

Mume wangu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare, na alichopata hakukinywa. Alijenga nyumba ya pembe nne, ya bati, wakati ukoo wao karibu wote bado ulikuwa kwenye nyumba za nyasi. Madirisha ya vyumbani aliyatia mbao. La sebuleni, linalotazama njia inayopanda kutoka Same, alilitia kioo, kipande kimoja kikubwa. Alikibeba mwenyewe kichwani, kimelazwa katikati ya majani makavu ya migomba na kuzungushiwa blanketi, akapanda nacho mlima wote. Aliniambia njia nzima hakukohoa.

Watu walikuja kukitazama. Wengine waligusa kwa kidole, wakarudisha kidole haraka wakasema ni baridi. Mimi nilikuwa mke mgeni pale, na nilijua wanachosema wakiteremka: mke wa huyu atajiona. Walisema kweli. Nilijiona.

Kosa la nyumba ile lilikuwa fremu. Fundi aliharakishwa, akaifanya kwa mti mbichi. Wakati ule hakuna aliyelijua hilo, na laiti vita visingekuja, labda mume wangu angeirekebisha mwenyewe. Lakini vita vikaja, vile vya pili vya Waingereza na Wajerumani, na mume wangu akaenda keya, lile jeshi la Waingereza, akavaa kaptula zao na kupelekwa mahali ambapo hata jina lake hatukuweza kulitamka.

Kabla ya kuondoka alituketisha: mimi, mama yake, na kaka yake mkubwa, shemeji yangu. Akasema, "Nyumba hii mke wangu akae na mtoto. Maadamu iko nzima, iko mikononi mwake. Ikianza kuharibika, kaka uishike wewe, usiiache ianguke."

Alisema kwa nia njema. Nia njema ya mwanamume anayeondoka ni kitu cha kuogopa.

Mimi nilisikia sehemu ya kwanza ya maneno yale. Shemeji alisikia ya pili. Alikuwa na kahawa nyingi kuliko mtu yeyote kwenye mgongo ule wa mlima, na stoo yake ya nyasi ilikuwa ikivuja. Kila mvua ilimharibia magunia. Nyumba ya bati ya mdogo wake ilimkaa moyoni. Tangu askari wetu aondoke, kila Jumapili baada ya ibada shemeji alikuja kuizunguka nyumba yangu kama mtu anayenunua ng'ombe. Anagonga ukuta. Anatingisha nguzo ya baraza. Anainua shingo kutazama misumari ya bati. Kisha anasema, "Nzima bado," na kuondoka, na lile neno "bado" lilibaki barazani mpaka jioni.

Nilijua nyumba ikishikwa mimi nitapelekwa wapi. Ningekwenda kwenye jiko la mama mkwe, mimi na binti yangu mdogo, kulala kati ya mafiga na mbuzi. Mama mkwe sikumchukia. Alikuwa mwanamke mwenye maneno makali na mkono mwepesi wa kumpa mtu chakula. Lakini mwanamke aliyetoka kwenye nyumba yake akarudi jikoni kwa mama mkwe, kwetu hakuulizwa tena jambo lolote. Angepewa jembe na kuelekezwa shamba.

Basi niliitunza. Kuta nilizipaka kabla hazijadai. Baraza nililisawazisha. Na kioo nilikifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini, kwa sababu baridi inapokuja ukungu hupanda kutoka bondeni na kukaa juu yake kama maziwa.

Ilikuwa wakati wa baridi hiyo nilipofuta na kitambaa kikakwama. Nikatazama vizuri. Kwenye kona ya chini, upande wa mlango, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umetoka kwenye mbao na kuingia kwenye kioo urefu wa kidole changu.

Nilimwita mama mkwe. Alikuja akatazama, akajishika kiuno.

"Uache hivyo hivyo," akasema.

"Niuache mama, uende wapi?"

"Mpaka mwenyewe arudi. Kitu alichokitundika mume, mke hakishushi. Umesikia wapi mwanamke anashika dirisha?"

"Na shemeji akiuona?"

Shemeji alikuwa mwanawe, na mume wangu pia mwanawe. "Weka pazia," akasema.

Sikuweka pazia. Nilifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya alipoona ufa: nilikwenda zizini. Nilichota kinyesi cha ng'ombe kibichi, nikakikanda na majivu yaliyochekechwa vizuri, nikapaka kwenye ufa, ndani na nje, nikalainisha kwa kidole gumba kama tunavyofanya ukutani na kwenye mizinga ya nyuki. Nikarudi nyuma kutazama. Nikajisifu.

Jua likatoka, mchanganyiko ukakauka. Sasa, kinyesi cha ng'ombe kikikauka hujikunja. Ndiyo maana ukuta tunaupaka na kuupaka tena. Ukutani hakina madhara, ukuta ni mnene. Pale juu ya kioo kiling'ang'ania na kuvuta. Nilipobandua ganda lake jioni, ule ufa wa kidole ulikuwa umekuwa shubiri nzima, umepinda kuelekea katikati kama njia ya siafu.

Niliketi chini. Kisha niliinuka, kwa sababu kuketi chini hakuzibi kitu, na alfajiri nikamfunga mtoto mgongoni nikateremka Same kutafuta kioo kingine.

Same ya wakati ule ilikuwa stesheni, boma, maduka machache ya Wahindi, na vumbi lililojitosheleza. Niliingia kwenye duka ambalo mume wangu alinunua kioo chake. Mwenye duka alimkumbuka.

"Yule aliyefunga kioo kama mtoto mchanga! Yuko wapi?"

"Yuko keya."

"Aa. Basi dada, mwambie akirudi aje na kioo mwenyewe, kwa sababu hapa hakuna. Meli zote zimebeba bunduki. Nani atabeba kioo?"

"Hata kipande kidogo?"

"Tazama dirisha langu." Akanyoosha kidole nyuma ya duka. Dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa bati la debe la mafuta ya taa. "Mimi mwenyewe nauza gizani. Ukipata kioo huko mlimani kwenu, niletee, nitakinunua." Wakacheka, yeye na wateja wake. Kisha akaniuliza, "Kimevunjika?"

"Kina ufa."

"Ufa si kuvunjika, dada. Ishi nao vizuri, kama mke mwenzio."

Nikamwambia kwetu sisi ni Wakristo, wake wenza hatuna, na sina mpango wa kuanza na wa kioo. Hapo alicheka mpaka akanipa chumvi ya bure.

Nilirudi na ile chumvi. Njiani mama mmoja aliyekuwa anashuka na ndizi aliniambia, bila kuulizwa, kwamba shemeji yangu amepita nyumbani kwangu, amesimama mbele ya dirisha kwa muda mrefu, na ameondoka akiwa na uso wa mtu aliyekumbuka wimbo.

Alikuja tena kesho yake. Hakuzunguka nyumba safari hii. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Imeanza," akasema.

"Kimeanza kitu gani, shemeji?"

"Nyumba. Imeanza kuharibika. Jicho lake limepasuka."

"Ni ufa. Nitauziba."

"Kwa kitu gani? Kwa mavi ya ng'ombe?" Akatabasamu, alikuwa ameyaona maganda pale chini. "Shemeji, sikulaumu. Hii si kazi ya mwanamke. Mdogo wangu aliniachia neno na mimi nitalitimiza. Siku ya msaragambo wa ndiva vijana wote watakuwa hapa karibu. Tukimaliza nitakuja nao, tutoe kioo hiki kabla hakijamkata mtoto, tupigilie mbao, na magunia yangu yaingie. Wewe na mtoto mtakaa kwa mama. Huko kuna joto."

Alisema "huko kuna joto" kwa sauti ya huruma. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Angenitukana ningemwelewa.

Msaragambo kwetu ni kazi ya wote. Pembe inalia, na kila nyumba inatoka: kuzibua mfereji, kutengeneza njia, au kama siku ile, kutoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu dogo la juu linalokusanya maji ya mashamba. Asiyetokea hutozwa. Na namna ya kutoza ilikuwa na akili yake: hukuchukuliwa kuku wala mbuzi. Kundi zima lilikuja kwako na tope lake miguuni, na kuchukua kile kilichokuzuia. Ukikutwa unasuka mkeka, mkeka unakwenda. Ukikutwa unapika pombe, chungu kinabebwa kikiwa cha moto, na hapo walikuwa wepesi sana. Kilichokuzuia ndicho kinachokulipia, mpaka ukikomboe kwa kazi. Sijaona tena sheria iliyojua watu namna ile.

Nilikuwa na siku chache. Nilizitumia kukitazama kioo, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukigusa bila kukielewa. Asubuhi ya ukungu ufa ulijifunga. Mchana jua likipiga, ulifunguka kidogo. Na ukungu ulipokuwa mzito mbao zililia, kri, kri, kama mtu anayetafuna mfupa. Nikachukua jani la nyasi, nikalipitisha kati ya kioo na mbao, pande zote. Juu lilipita. Ubavuni lilipita. Kwenye ile kona ya chini halikupita kabisa. Mti ule mbichi ulikuwa umepinda, na msumari mmoja ulikuwa unakibana kioo kama jino.

Hapo nilikumbuka vibuyu. Kibuyu kikipasuka kwetu hakitupwi. Mama yangu alikuwa anavishona kwa uzi na kuvipaka nta, na watu walimletea kutoka mbali. Lakini kabla ya kushona alikuwa anafanya jambo moja, na aliyeleta kibuyu kikiwa na kitu ndani alimgombeza: kwanza unakimwaga. Huzibi kibuyu kilichojaa, kwa kuwa mzigo ndio unaopasua. Mimi nilikuwa nimeziba kioo kikiwa na mzigo wake. Mzigo ulikuwa fremu.

Kwa hiyo kilitakiwa kutoka. Kitu alichokitundika mume, mke atakishusha. Na siku pekee ambayo shemeji hangepita kunizuia ilikuwa siku ya msaragambo wenyewe.

Pembe ililia asubuhi na mapema. Niliwaona wakipanda kwa makundi, majembe begani, wanawake na karai zao. Mmoja wao aliniita kutoka njiani, "Mke wa askari! Leo umekuwa Mzungu, tukuletee chai kitandani?"

"Na maziwa!" nikamjibu. Wakacheka wakapita. Nikaingia ndani nikachukua kisu.

Nilikuwa nimeng'oa vibanzi vya mbao vinavyokishika kioo upande mmoja wakati mama mkwe alipotokea. Yeye kwa umri wake alikuwa amesamehewa msaragambo. Alisimama mlangoni akapiga kelele ndogo, kama ya kuku.

"Mwanangu, unafanya nini!"

"Nakitoa."

"Na pembe imelia!"

"Imelia, mama, nimeisikia."

"Watakuja! Watachukua kilichokuzuia!"

"Ndiyo maana nina haraka. Shika hapa."

"Mimi sishiki. Nikishika nimeshiriki."

"Basi kikianguka utakuwa umeshiriki zaidi."

Alishika. Kioo kilitoka kikiwa kizima pamoja na ufa wake, nikamkalisha mama mkwe sakafuni, nikamwekea blanketi mapajani na kioo juu ya blanketi. Alikikumbatia kwa ncha za vidole akiwa ameinua kidevu, asikipumulie. "Nina pua inayowasha," akasema. Nikamwambia isubiri. Sijui kama aliwahi kunitii kabla ya siku ile, lakini pua ile ilisubiri.

Nilichonga ile kona ya fremu mpaka jani la nyasi lipite. Ule msumari niliung'oa na kuutupa kwenye migomba. Nilipasha nta ya nyuki na kuichanganya na ulimbo, ile gundi ya utomvu ambayo wavulana hunasia ndege, nikapitisha juu ya ufa, upande huu, tukageuza, upande ule, nyembamba, kwa unyoya wa kuku. Nta ya moto iliingia kwenye ufa kama maji yanavyoingia mferejini. Tuliiona inakimbia ndani yake. Mama mkwe alisahau pua. "Tazama!" akasema. "Inakunywa!"

Ile simiti laini ambayo mafundi hushikizia vioo sikuwa nayo. Nilitumia udongo mweupe tunaopakia kuta, nikaukanda na mafuta ya nyonyo na nta kidogo. Nikakirudisha kioo kwenye fremu, kikakaa bila kubanwa, nikazungushia ule udongo kwa kidole. Bado nilikuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko niliposikia wimbo wa msaragambo unateremka.

Walikuja wote, wamechafuka tope mpaka magotini. Mbele alikuwa mzee wa pembe, ambaye ndiye aliyekuwa anapiga pembe na kutoza. Alikuwa mfupi, mcheshi, na hakuna aliyempinga. Pembeni yake shemeji. Nilitoka nikasimama barazani, dirisha likiwa nyuma yangu.

"Mama," mzee wa pembe akasema, "hatukukuona ndivani."

"Sikuja, mzee."

"Uliumwa?"

"Sikuumwa."

Watu wakapenda jibu hilo. Nilisikia wakisogea karibu. Shemeji akaingilia. "Sheria ni moja. Kilichomzuia ndicho kinachochukuliwa, na kilichomzuia kiko pale nyuma yake. Mnaona wenyewe, ana mafuta mikononi. Vijana, toeni kioo hicho. Nitakihifadhi mimi."

Vijana wawili wakapiga hatua. Nilijua wakikigusa sasa, udongo ukiwa haujashika, kitavunjika, na mimi nitakuwa jikoni kabla ya chakula cha jioni. Sikupanga nilichosema. Kilitoka tu.

"Simameni. Kilichonizuia si kioo."

"Ni nini basi?" mzee wa pembe akauliza.

Nikanyoosha kidole. "Kilichonizuia ni shemeji yangu. Mchukueni yeye. Mkamfunge kwenye mti pale ndivani mpaka nitakapokuja kumkomboa."

Kicheko kikapasuka kutoka kwa wanawake nyuma na kufika mbele. Mtu mmoja akaita, "Nani atambeba? Ameshiba!" Mwingine, "Na asipokombolewa?" Mzee wa pembe alifuta macho kwa kiganja, akajipaka tope usoni.

"Huyu ni mzito, mama," akasema. "Hebu eleza vizuri."

Nikaeleza. Sikulia. Nilisema mbele ya wote: mume wangu yuko vitani, alisema nyumba ikiwa nzima ni yangu, ulitokea ufa, nikataka kuuziba, na shemeji akasema leo, mkitoka ndivani, atakuja na vijana wa msaragambo wamtolee kioo na kumpigilia mbao ili aweke magunia yake ya kahawa. "Ningekuja ndivani leo," nikasema, "kesho ningekuwa sina mahali pa kuteremshia jembe."

Mzee wa pembe akamgeukia shemeji. "Ni kweli ulisema hivyo?"

"Hayo ni mambo ya ukoo."

"Ya ukoo yasemwe ukooni. Nauliza hili la vijana. Ulitaka tutoke kwenye maji ya wote twende tukubebee kahawa yako?"

Hapo uso wa kundi ulibadilika. Mpaka dakika ile walikuwa wamekuja kutoza mwanamke mvivu. Sasa kila kijana pale aliona alikuwa karibu kufanywa mpagazi wa mtu, kwa jina la msaragambo. Kijana mmoja alichomeka jembe lake chini kwa nguvu.

Mzee wa pembe alipanda barazani. Alisogeza uso karibu na kioo, akaufuata ufa kwa macho kutoka kona mpaka ulipoishia. Kutoka ndani, mama mkwe alikuwa amesimama akimtazama kupitia kioo hicho hicho, mikono nyuma, na mafuta usoni.

"Bibi, na wewe umo?" mzee akamuuliza.

"Mimi nilishika tu," mama mkwe akasema. Kisha akaongeza kwa sauti iliyofika mpaka nje ya baraza, "Na nyumba ya mwanangu ni nzima."

Aliyesema ni mama wa ndugu wote wawili. Shemeji aliinamisha kichwa, akatazama miguu yake.

Sikuachiwa bure, na sikutaka kuachiwa. Nilitozwa kupika chungu kikubwa cha makande kwa wachimbaji wa siku iliyofuata, na kubeba mawe pamoja nao mpaka ndiva iishe. Nilipika, nilibeba. Shemeji alipokuwa anaondoka alinipitia karibu akasema taratibu, "Ngoja mvua."

"Nangoja," nikamwambia. "Nitaitazama kutoka sebuleni."

Nilisema hivyo kwa kinywa. Moyoni niliogopa, sababu sikujua kama kazi yangu itastahimili. Mvua zikaja, na mama mkwe akaja nazo. Alihamisha mkeka wake kwangu akasema jiko lake linavuja, ingawa halikuwa linavuja. Tulikaa wawili sebuleni, tunakaanga mahindi, tunakitazama kioo kikipigwa. Fremu ilivimba kama ilivyozoea. Lakini udongo wa mafuta ya nyonyo haukuwa umekauka, na wala haukauki. Ulikuwa laini kama siagi, ukabonyea na kuipa mbao nafasi yake. Kri, kri haikusikika. Ufa ulibaki pale pale ulipoishia. Hata kidole haukuongezeka. Shemeji alipita njiani akiwa amejifunika gunia, akatazama, akapita. Baada ya mavuno alijijengea stoo ya bati mwenyewe, na ilikuwa nzuri, sitamnyima sifa hiyo.

Mume wangu alirudi vita vilipokwisha, amekonda, na kikohozi ambacho hakukwenda nacho. Kabla hajamaliza kuvua viatu kaka yake alimfikia na kesi: mke wako alinyoosha kidole mbele ya watu, akataka nifungwe kwenye mti kama mbuzi. Alidai apikiwe dengelua ya kumwomba radhi, ingawa kanisani alikaa mbele na kuipinga pombe kwa sauti. Mume wangu alinijia na jambo hilo kwa upole. Alisema ni chungu kimoja tu cha pombe ya miwa, yaishe.

"Miwa iko shambani," nikamwambia. "Kinu kiko kwa mama. Mwenye kiu apike."

"Yeye ni kaka yangu mkubwa."

"Na hii ni nyumba yako nzima. Ungeikuta na magunia, ungekaa wapi na kikohozi hicho?"

Alikitazama kioo. Alipitisha kidole juu ya ule mstari wa nta, kutoka kona mpaka mwisho wake. Hakuniomba tena. Na mimi sikupika. Sikupika mwaka ule, wala miaka iliyofuata, wala shemeji alipoozesha binti zake, wala alipougua akapona.

Shemeji hakunisemesha tena. Lakini njia ya kwenda kwenye kahawa yake ilipita chini ya dirisha langu, na mimi ni mke wa mdogo wake, nilifundishwa adabu. Kila asubuhi nilimngoja afike usawa wa kioo, nikafungua mlango, nikapaza sauti mpaka majirani wa ng'ambo ya mfereji wasikie: "Shikamoo, shemeji!" Na kwa kuwa hakuna mtu mzima kwetu anayeweza kuiacha salamu hiyo ianguke chini mbele ya watu, kila asubuhi, mpaka uzee ulipomzuia kwenda shamba, aliitikia.